Tarumbeta ya Posho

Ng'ambo ya Sibwesa,
Mpanda, Mkoa wa Rukwa.
Julai, 1995

Mdogo wangu Shija,

Mwangaluka. Najua barua hii utaisoma jioni ukishatoka shamba, lakini mimi naiandika asubuhi, na siwezi kutoa salamu ya jioni wakati umande bado uko kwenye majani. Ipokee hivyo hivyo. Mayu, mama yetu, naye mpe ya kwake, taratibu, kwenye sikio la kulia ndiko anakosikia vizuri, au siku hizi na hilo limegoma? Na mgongo wako uliouumiza kwenye pamba unaendeleaje? Nauliza kweli, sijazi karatasi.

Huku sisi tupo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua mwezi wa saba, goti lisilo na akili kabisa. Mahindi tumevuna, si haba. Mbung'o wameniulia ndama wawili na mmoja amebaki anachechemea. Shemeji yako hajambo, ila anasema wewe ni mwongo wa kutupwa, uliahidi kuja kumwona alipojifungua mtoto wa kwanza na sasa anashika wajukuu. Nimemwambia avumilie, Wasukuma tunachelewa kufika kwa sababu tunatembea na ng'ombe. Akasema basi tangulizeni ng'ombe.

Sasa nije kwenye barua yako. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili sikucheka. Umeandika kwamba mwanao Maduhu, wajina wangu, amemaliza kidato cha nne na moyo wake wote uko jeshini. Umeandika kwamba pale kilabuni kuna mzee aliyekuwa askari zamani, naye alilisikia jina la kijana akasema mbele za watu, "Maduhu? Si ndiye aliyepiga tarumbeta ya maasi kule Tabora?" Tangu siku hiyo mtoto analiogopa jina lake mwenyewe. Na wewe unaniomba niandike karatasi, ipigwe mhuri, iseme kwamba Januari ile ya sitini na nne nilikuwa nimeshaacha jeshi, niko Mpanda nalima zangu. Andika tu kwamba hukuwemo, umesema. Halafu pale chini, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, ukaongeza kwamba Mayu naye amesikia, na ameuliza neno moja tu: je, ni kweli mwanangu aliwaita watu wakaue?

Kama jeshini wanamuuliza kijana habari za baba yake mkubwa, sijui. Sidhani. Lakini hofu huwa haingoji sababu. Uliponiandikia kwamba amezaliwa na umempa jina langu, mimi nisiyeonekana nyumbani, nililia pale zizini mbele ya ng'ombe. Leo jina hilo hilo linamzuia mlangoni. Imeniuma, ndugu yangu, sikufichi.

Basi nikafanya ulivyotaka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, mtu mwepesi wa kusaidia kupita kiasi. Nikaanza kumweleza, akanikatiza. "Mzee Posho, maneno si utaandika mwenyewe? Mimi kazi yangu mhuri." Akachukua karatasi nyeupe, tupu, akaupulizia mhuri pumzi, akaugonga pale chini na kutia sahihi. Nikarudi nyumbani na karatasi inayoweza kusema chochote duniani.

Ndiyo, huku naitwa Mzee Posho. Watu wanadhani ni kwa sababu nikiwaalika kunilimia shamba nawalisha mpaka wanashindwa kuinuka. Sababu yenyewe utaiona huko mbele.

Karatasi ile ilikaa mezani siku nne. Shemeji yako hajui kusoma maandishi, ila mimi ananisoma. Akaniambia, "Baba watoto, umeishika hiyo kalamu tangu juzi kama umeshika nyoka. Kama ni kweli, andika. Kama ni uongo, andika haraka uondoe makaratasi, nataka kuweka chakula." Nikashindwa yote mawili. Nikamwambia nakwenda Karema kutafuta samaki wakavu, nikaondoka kabla hajauliza.

Nilipofika ziwani, nilikuta boti ya injini imetoka kaskazini, imeshusha watu na vifurushi vyao karibu na pale wanapoanika dagaa. Warundi. Habari zao mmezisikia redioni: wanajeshi wao walimgeuka rais wao wenyewe wakamuua, na tangu hapo nchi haijatulia. Hawa wana ndugu zao huku Mpanda, kwenye makazi ya wakimbizi wale wa zamani waliokuja miaka ya sabini, ndio wanawafuata. Mmoja wao, mtu wa makamo, alikuwa amekaa juu ya debe ameshika upawa. Upawa mkubwa wa chuma, wa kuchotea chakula cha watu wengi. Hana begi, hana blanketi, ana upawa tu. Nikamsalimu, nikamtania, "Mzee mwenzangu, sufuria umeliacha wapi?"

Akasema limebaki kambini. Alikuwa mpishi wa kambi ya askari. Kiswahili chake kina Kirundi kingi ndani, lakini tulielewana. "Nilisikia mbio na makelele," akasema, "nikadhani wanadai chakula. Nikawasha moto, nikakoroga uji. Hakuja mtu. Nilikaa peke yangu na uji wa kambi nzima." Halafu akaniambia kwamba haikupita siku nyingi watu wakaanza kuuana vijijini. Mke wake amekufa. Watoto wake wawili wamekufa. "Walioanza ni askari, mzee. Waliomalizia ni majirani zangu."

Shija, nilimpa pole. Pole haikutosha, na kunyamaza nako hakukutosha. Nikajikuta namwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata wewe. Nikamwambia mimi nilipiga tarumbeta kwenye maasi, na askari wakaja na sahani. Alinitazama sana. Akauliza, "Ulikosea?" Nikamwambia ndiyo, nilikosea. Akasema, "Kwetu hakukosea mtu." Akageukia majini.

Nilirudi bila hata samaki mmoja. Shemeji yako ananisema mpaka leo. Lakini njia nzima nilikuwa najua kwamba nikifika nitakuandikia, na nitakuandikia kweli.

Kwa hiyo kaa vizuri. Unakumbuka nilivyoingia kwenye bendi? Kulikuwa na Mzungu, mkubwa wa bendi, alitupanga makuruta mstari akauliza nani amewahi kupuliza pembe. Nikainua mkono. Si mimi niliyekuwa napuliza pembe ya ng'ombe kuwaita nyie kutoka machungani, Mayu akishaepua ugali? Nyie mkaja mbio mmejaa vumbi, na wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kunawa na wa mwisho kushiba. Mzungu akanipa tarumbeta. Baba akawatangazia watu kila mnadani kwamba mwanawe ndiye anayeamsha jeshi zima, asipopuliza yeye hata Wazungu hawaamki.

Usidhani tulikuwa wahuni. Uhuru ulikuja, bendera ikapanda, tukapiga saluti mpaka mabega yakauma. Kulipokucha wakubwa walikuwa Wazungu wale wale, mshahara ule ule, na sajini wetu, mtu mwenye mvi aliyepigana Burma, bado anaitwa boi na kijana wa Kizungu aliyeota ndevu juzi. Uhuru ulifika mpaka getini pa kambi, ukaambiwa ungoje hapo hapo. Ukilalamika, malalamiko yanapitia kwa yule yule unayemlalamikia, na wewe unaongezewa zamu. Madai yetu yalikuwa ya haki. Hilo nitalisema mpaka naingia kaburini, na anayebisha aje tubishane.

Zikaja habari kutoka Dar es Salaam kwamba wenzetu wamewakamata maofisa wao. Kambi ikawa haisemi, lakini kila mtu anatazama mwenzake. Alfajiri iliyofuata, koplo mmoja akanijia pale ninaposimama kupiga ya kuamsha watu. Ana bunduki. "Maduhu," akasema, "leo piga ile ya hatari."

Ya hatari ukiipiga, askari hatazami kitu, anakimbilia silaha. Na maofisa walikuwa bado wamelala majumbani mwao, wengine na wake zao na watoto. Watu wametoka usingizini, hawajui kuna nini, wana hasira ya miaka miwili tumboni na bunduki mkononi. Nililiona lile jambo lote kwa mara moja. Tarumbeta ya hatari iko juu, inakwenda mbio, inataka midomo iliyokaza na iliyolowa mate. Ya kuitia chakula, ile tuliyoiita ya posho, iko chini, laini, nilikuwa naipiga mara tatu kila siku ya Mungu. Midomo yangu ilikuwa imekauka kwa woga. Nikapuliza. Ikatoka ya posho.

Aisee, Shija, ungekuwepo! Milango ya mabweni ikafunguka, wanaume wakamiminika na sahani na vikombe vya bati. Mmoja ana povu la sabuni usoni. Mwingine kiatu kimoja. Wanaulizana, chai mapema hivi leo kuna sikukuu gani? Koplo akanitandika kibao nikaona nyota. Lakini tayari. Mtu aliyeshika kikombe, amepanga foleni, anapiga miayo, utamgeuzaje aue hapo hapo? Mmoja akacheka, wa pili akacheka, kambi nzima ikacheka. Hata yule koplo alicheka, ingawa machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka.

Maasi hayakuzuilika, usije ukamwambia mtoto kwamba baba yake mkubwa aliyazuia. Silaha zilichukuliwa, ila baadaye kidogo, watu wakiwa wameshaamka, na yule sajini mwenye mvi alikuwa ameshapata nafasi ya kusimama juu ya sanduku akasema atakayemwaga damu atapambana na yeye kwanza. Maofisa wakakusanywa, wakapandishwa lori kwenda uwanja wa ndege. Na mimi nilikuwa juu ya lori lile. Walinipa bunduki nikaishika. Nilimwelekezea Mzungu wa bendi, mtu aliyenifundisha, aliyekuwa akinipa sabuni yake ya kusafishia tarumbeta. Sikuishusha. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Maduhu. Posho bado." Aliisikia alfajiri ile, akajua haikuwa saa yake.

Ndiyo maana nakwambia siwezi kuandika kwamba sikuwemo. Nilikuwemo mpaka shingoni.

Sisi wenyewe tulikuwa tunasema tumegoma, kama wanavyogoma watu wa reli. Serikali ikasema tumeasi. Nililichukia neno lile miaka mingi. Kisha nikafanya kazi ya kupakia mizigo stesheni ya Mpanda, nikaona watu wa reli wanavyoongea kugoma, ndipo likaniingia kichwani. Mtu wa reli akigoma anaweka koleo chini. Sisi hatukuweka kitu chini, tulikiokota. Mwenye bunduki akisema naomba, haombi, hata kama anachoomba ni haki yake. Huyo anayemsikiliza hawezi tena kukubali wala kukataa, anaweza kuogopa tu.

Na tulipata nini? Dar es Salaam watu walikufa mitaani na maduka yakavunjwa. Serikali yetu changa, yetu wenyewe, ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza waje kutunyang'anya silaha. Hebu fikiri. Tuliwataka Wazungu waondoke, tukawafanya warudi na ndege zao kutulinda dhidi yetu sisi! Niliona vijana wa Kizungu wakitembea kwenye kambi yetu na bunduki zetu, nikatamani ardhi ipasuke. Mishahara ikaja kupanda na maofisa Waafrika wakawekwa, hilo ni kweli, lakini si sisi tuliokula. Jeshi lile likavunjwa, likaundwa jingine, na sisi tukaambiwa kila mtu kwao.

Stesheni ya Tabora ndipo nilipovunjika moyo. Wenzangu walinitemea mate: msaliti, uliharibu kwa makusudi. Wengine wakaanza kuniita Posho huku wanacheka, na kuna mmoja wa reli aliyelisikia akalileta jina hilo mpaka huku. Kwa serikali mimi mwasi niliyepiga tarumbeta. Kwa waasi mimi msaliti niliyeipiga vibaya. Behewa la Mwanza, la kwetu, liko hapa, la Mpanda liko pale. Nikamfikiria baba na watu wake wa mnadani. Nitamwambia nini? Nikapanda la Mpanda. Nilikuwa kijana, nilidhani aibu hupungua ukiwa mbali.

Baba alikufa sikumzika. Hilo sina la kulifanya, linaniamkia kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha. Ng'ombe aliokusanya wawe mahari yangu ndio waliokuolea wewe, na huyo uliyeolewa naye... ona sasa nimekosea, uliyemwoa, ndiye mama wa wajina wangu. Kwa hiyo mwambie kijana asiitukane sana tarumbeta ile. Isingelia vile, yeye asingekuwepo wa kuiogopa.

Limebaki jambo moja. Nilimwambia mpishi wa watu kwamba nilikosea. Miaka thelathini na moja nimejiambia hivyo hivyo, nilikosea, midomo ilikauka. Ni kweli ilikauka. Lakini ulimi nilikuwa nao, Shija. Ningeweza kuilamba. Sikuilamba. Nilipomwona yule baba amekaa juu ya debe na upawa wake, nilijua kwamba sikukosea, na kwamba nililiita kosa kwa sababu nilikuwa nawaogopa wote wawili, koplo na serikali. Laiti ningekuwa na ujasiri wa kusema hapana kwa mdomo mtupu. Sikuwa nao. Nilikuwa na hiyo tarumbeta tu.

Karatasi ya pili uliyoikuta ndani ya bahasha ndiyo yenye mhuri wa mwenyekiti. Nimeijaza. Nimeandika: "Mimi Maduhu, mkulima na mfugaji, nilikuwepo Tabora siku ya maasi. Nilipiga tarumbeta. Nilishika bunduki. Sikumuua mtu. Kijana mwenye jina langu alikuwa hajazaliwa, asiulizwe ya kwangu." Mwenyekiti nimemsomea, maana mhuri ni wake. Akakuna kichwa, akasema, "Mzee, hii ni hatari." Nikamwambia hapana, hii ni ya posho. Hakuelewa, lakini hakuifuta.

Mpe mtoto barua hii na karatasi hiyo. Aionyeshe au aifungie sandukuni, ni juu yake, mimi sitamchagulia. Ila lazima asome. Akiingia jeshini, inaweza kufika siku mwenzake akamwambia twende, na mwenzake huyo akawa na madai ya haki kabisa na bunduki mkononi. Siku hiyo atakuwa peke yake kama nilivyokuwa. Nataka awe ameshalifikiria akiwa nyumbani, ameshiba, hana haraka.

Mahindi yakishauzwa napanda treni. Safari hii nitapanda behewa la upande ule mwingine. Nauli ninayo na goti litajua lenyewe. Msiniandalie makubwa.

Msalimie mkeo, mwambie shemeji yake hadai ng'ombe wake, ila kuku mmoja si vibaya. Msalimie dada yetu Kulwa na wanawe, na jirani yetu yule mfua vyuma kama bado anaona. Na huyo mzee wa kilabuni msalimie pia. Mnunulie kata moja ya pombe kwa niaba yangu, hakusema uongo.

Mayu mwachie wa mwisho. Mkalishe kivulini, usogee sikio la kulia, na usipaaze sauti, si kesi. Mwambie nimelipata swali lake. Mwambie asubuhi ile walitaka niwaite watu wakaue, nami nikawaita waje kula, kama alivyokuwa akinituma.

Ni mimi kaka yako,
Maduhu